Kabureta za Masanja na Ng'ombe wa Mahari

Mkasa huu siusimulii kabla ya kutazama pembeni kama kuna mtu wa Mwamapalala, maana wapo watu kule ambao hadi leo wakinikumbuka hawakumbuki sura yangu, wanakumbuka mapaja yangu, na hiyo ni aibu ambayo mtu hazoei hata akizeeka nayo.

Asubuhi ile niliamka Malampaka bila mpango wowote. Nilikuwa nimelala kwenye benchi la stesheni, nikaona lori la pamba linaelekea upande ambao sijawahi kufika, nikapanda. Ndivyo nilivyokuwa naishi wakati ule (shule niliiacha darasa la sita, siku nilipofungua saa ya ofisi ya mwalimu mkuu nione ni nini kinaisukuma, ikabaki imefunguka, na mimi sikungoja aje). Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye mizani na turubai ni mnunuzi wa pamba, na vitu ambavyo zamani tulivisikia tu redioni vikawa vinapita barabarani.

Lori lilinishusha Bariadi jua halijawa kali. Nikawa natembea tu nikiangalia angalia, na kwenye uwanja wa mnunuzi mmoja wa pamba nikakuta kitu kilichonisimamisha kama msumari: gari dogo la spoti, jekundu, viti viwili, halina paa, pua ndefu kuliko mwili, limesimama katikati ya marobota. Boneti iko wazi na ndani kuna kabureta mbili mpya zinang'aa. Mbili! Mimi gari la kabureta mbili nilikuwa sijaliona tangu nizaliwe.

Mwenye gari aliitwa Masanja, kijana mnene mwenye kofia ya pama. Alikuwa anawasha, gari linakohoa, linatikisika kama mtu mwenye homa, linazimika, naye anatukana.

"Ngosha, unaangalia nini?" akaniuliza, kama Wasukuma wanavyomwita mwanaume yeyote.

"Naangalia linavyokohoa."

"Wewe fundi?"

Hapo ndipo palipoharibika, rafiki zangu. Ningeweza kusema hapana, nikanunua kipande cha muhogo, nikaenda zangu. Ila macho yangu yalikuwa yamekwisha ingia ndani ya ile injini na kinywa kikayafuata.

"Ndiyo," nikasema.

(Ukweli ni kwamba niliwahi kumshikia tochi fundi mmoja Shinyanga. Tochi tu. Lakini nilikuwa nimeangalia vizuri.)

Masanja alinishika mkono kana kwamba nimetumwa na babu zake. Akanieleza shida yake huku jasho linamtoka. Alikuwa anamuoa binti anaitwa Minza, wa Mwamapalala, na baba yake Minza, Mzee Ng'wandu, alikuwa hamtaki kwa sababu moja tu: Masanja aliuza ng'ombe kadhaa wa kwao akanunua gari hili, lililoachwa na mzungu mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba. "Mzee amesema hawezi kumpa binti yake mtu anayebadilisha ng'ombe na chuma kisichozaa," akasema Masanja. "Na mara ya kwanza nilipolipeleka ukweni, lilinizimikia mtoni, likafika linavutwa na maksai."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Gari la spoti limefungwa nira!

"Cheka tu," akasema. "Leo ndugu zangu wanapeleka ng'ombe wa mahari. Mzee amesema nisipofika na gari linalotembea lenyewe, ng'ombe hawaingii zizini kwake. Na wasipoingia, hakuna ndoa. Fundi wa Mwanza amefunga kabureta hizi jana, akaliacha hivi hivi akakimbilia basi."

Nikaomba bisibisi na kipande cha mpira wa maji. Kile nilichokiona Shinyanga kilikuwa hivi: unaweka ncha moja ya mpira sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza inavyovuta pumzi, kisha unahamia kwa mwenzake. Ya mbele ilikuwa inavuta kwa nguvu kama nyoka aliyekanyagwa. Ya nyuma ilikuwa inapumua kama mzee aliyeshiba. Nikalegeza huku, nikabana kule, nikasikiliza, nikakosea, nikarudia, na watu wa mizani wakaacha kazi wakaja kunizunguka, hadi ghafla pumzi mbili zikawa moja, na ile injini ikaacha kutetemeka ikaanza kuimba. Nawaambia, kuimba! Masanja alirusha kofia juu. Mimi mwenyewe nilitaka kujikumbatia.

Tungeondoka hapo hapo mkasa usingekuwepo. Lakini nilikuwa nimelewa sifa, nikataka kuongeza kitu. Nikaona kabureta zile hazina chujio la hewa, midomo iko wazi, na vumbi la barabara zetu mnalijua. Nikaangalia kushoto, pamba. Nikaangalia kulia, pamba. Nikachota pamba safi kabisa, daraja la kwanza, nikaisokota kwenye mdomo wa kila kabureta nikaifunga na kipande cha chandarua.

"Chujio la Kisukuma," nikawaambia watu, wakapiga makofi.

"Twende wote," akasema Masanja. "Ukweni nitasema wewe ni mdogo wangu."

Tukaenda! Upepo usoni, mbuzi wanaruka pembeni, wanawake wenye ndoo wanageuka wazima wazima, Masanja anaimba, mimi napunga mkono kama mgombea. Kilima cha kwanza gari lilipanda vizuri. Cha pili likaanza kutoa moshi mweusi, nikasema ni uchafu wa zamani unatoka. Cha tatu lilipanda kwa kuugulia. Kumbe pamba ilikuwa imelowa petroli na inaziba pumzi, kila tukienda inaziba zaidi, na mimi nimekaa pale najisifia.

Tuliingia Mwamapalala linakwenda kwa huruma tu. Watu walikuwa wamejaa. Ng'ombe wamesimama nje ya zizi, wazee wa upande wa Minza wanawakagua mmoja mmoja, pembe, kwato, meno, na Mzee Ng'wandu yuko mlangoni mwa zizi na fimbo yake, mrefu, mkavu, hana haraka. Wanawake upande wa pili, na mbele yao mama yake Minza, ambaye kwa desturi sisi wa upande wa mume hatutakiwi hata kumkaribia, tunainama na kupita mbali.

Gari likafika mbele ya mzee na kuzimika. Puu. Kimya.

"Limefika lenyewe," akasema Masanja kwa sauti ndogo.

"Limefika," akasema mzee. "Je, linaondoka?"

Watu wakacheka. Nikaruka chini, nikafungua boneti, nikainamia ndani na uso wangu wote, nikamwambia Masanja, "Kanyaga mafuta, washa!"

Ule mlio sijausikia tena maishani. Kabureta ya mbele ilipiga chafya ya moto, pamba ikawaka yote, na mafungu ya pamba inayowaka yakaruka hewani kama vifaranga vya moto, moja likatua kwenye suruali yangu, ambayo tangu asubuhi nilikuwa naifutia mikono yenye petroli.

Mtu anayewaka hana muda wa kufikiria desturi. Nilivua. Nilivua suruali pale pale, mbele ya wazee, mbele ya wanawake, mbele ya mama mkwe wa "kaka yangu", nikabaki na shati ambalo halikuwa refu, nikawa naikanyaga suruali huku naruka, na nikiruka shati nalo linaruka.

"Mayu wee!" mama mmoja akapiga kelele. "Mkwe amevua nguo!"

Mama yake Minza akajifunika kichwa chote kwa kitenge. Minza mwenyewe, namkumbuka vizuri, alikaa chini akashika tumbo kwa kucheka. Shangazi yake, mwanamke mpana wa sauti nzito, ndiye pekee aliyefanya la maana: alitupa gunia lililolowa maji juu ya injini, akafungua kitenge chake cha pili akanifunga kiunoni kama mtoto.

Wakati huo ng'ombe walikuwa hawapo tena.

Mlio ule uliwatawanya. Na ng'ombe akiogopa anakimbilia anakokujua, kwa hiyo kundi zima la mahari liligeuza mikia likaanza kurudi kwa baba yake Masanja.

Mzee Ng'wandu akaliangalia vumbi lao. "Ng'ombe wamekataa wenyewe," akasema. "Sikuwafukuza mimi."

Masanja alikaa kwenye usukani kama mtu aliyefiwa. Kofia imeungua ukingo. "Umeniulia ndoa," akaniambia, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko moto.

"Hawajafika mbali," nikasema. Nikang'oa mabaki ya pamba, nikapuliza midomo ya kabureta, nikakausha plagi kwa ncha ya kitenge cha shangazi (alinitazama vibaya). Kabureta zilikuwa nzima, zimeungua rangi tu. "Washa."

Likawaka. Likaimba kama asubuhi. Nikakalia ubavu wa gari, boneti tumeing'oa tukaiacha pale zizini, tukayakata mashamba yaliyokwisha vunwa tukiwakimbilia ng'ombe, tukawapita, tukasimama mbele yao. Walitupita kushoto na kulia kama sisi ni kichuguu. Injini ilikuwa imetulia mno! Hata ndama hakushtuka.

"Fanya lilie!" Masanja akapiga kelele. "Kama mara ile ya kwanza!"

"Nimelitengeneza!"

"Liharibu!"

Basi nikafanya kitu ambacho hakuna fundi anayekifanya kwa hiari. Tukawapita tena, na gari likiwa linakwenda, mimi nimening'inia na kitenge kinapepea, nikaibana skrubu ya mafuta ya kabureta moja hadi petroli ikawa kidogo na hewa nyingi. Likaanza kutema. Pa! Papa! Pa! Masanja akiachia mafuta linapiga kama bunduki, akikanyaga linakohoa, na ng'ombe waliposikia ule ubaya mbele yao wakageuka wote kwa pamoja wakarudi kuelekea kwa Mzee Ng'wandu. Tukawafuata nyuma, pa kulia, pa kushoto. Akichomoka mmoja, Masanja anapinda usukani, mimi nabana kidogo, pa, anarudi kwenye mstari. Tulikuwa tunacheka hadi machozi, wanaume wawili wazima, mmoja na kofia iliyoungua, mwingine na kitenge cha shangazi.

Tuliwaona watu wa Mwamapalala wakipanda juu ya ukuta wa zizi. Ng'ombe wakaingia mlangoni kwa mbio, wote, na wengine wa majirani tuliowazoa njiani bila kujua, na punda mmoja.

Mzee Ng'wandu alifunga zizi kwa miti yake mwenyewe. Akalizunguka gari polepole, akaligonga na fimbo, akachungulia kabureta.

"Halizai," akasema. Akafikiri. "Lakini linachunga."

Kisha akavua ndala, akaziweka chini kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu, akapanda kwenye kiti changu. "Nipeleke hadi kisimani," akamwambia mkwe wake.

Vigelegele vikapigwa, nikadhani nimepona. Lakini wenye ng'ombe wa jirani walikuwa wanakuja na fimbo, na wazee waliobaki walikuwa wamekaa kikao, na nilisikia wazi kabisa kinachojadiliwa: mdogo wa bwana harusi amemwonyesha mama mkwe mapaja, je, anatakaswaje na kwa mnyama gani. Shangazi akaja pembeni yangu akinong'ona kwa ile sauti yake nzito.

"Mwanangu, miguu tumeiona, ni mizuri. Sasa itumie."

Niliitumia. Nilitoka nyuma ya nyumba hadi barabarani, nikapata lori la wauza dagaa waliotoka mnadani, wakanibeba juu ya magunia matupu bila kuniuliza kitu, ila kila mmoja alinigeukia kwa zamu yake na kucheka. Jua lilipokuwa linazama tulikuwa Lamadi, mahali ambapo sikuwahi kufika, na ziwa lilikuwa pale mbele, kubwa kuliko nilivyoambiwa.

Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa anaanua samaki. Akaona kitenge kwanza. "Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma kama mama mwenzake, kisha akaona ndevu. "Aa. Baba. Na nyusi zako umeziacha wapi?"

Nikagusa. Kweli, hazikuwepo.

"Chumba kipo?" nikauliza.

"Kipo. Unafanya kazi gani?"

Tangu siku ile nimefungua injini nyingi, nimezifunga nyingine, na nimejiapiza kwamba sitawasha gari la mtu yeyote mbele ya wakwe zake hata nikilazimishwa. Lakini jioni ile, nimesimama mlangoni kwa yule mama nikinuka petroli na moshi, sikuwa na hakika ya neno lolote zuri la kujiita.

"Abiria," nikamwambia. "Mimi ni abiria tu."

Akanipa ufunguo na suruali kuukuu ya mumewe, fupi, iliyoishia juu kidogo ya vifundo. Nikaivaa palepale nyuma ya mlango, nikaifunga mkanda mara mbili, ndipo nikatoka kwenda kuliangalia ziwa.