Damu ya Mama wa Mbeya

Juzi mwanangu aliniletea zoezi la Kiingereza: neno "blood" lina maana ngapi? Basi, rafiki yangu, badala ya kumsaidia nikajikuta utotoni Kasense, uani kwa bibi, baridi ya Ufipa ikinichoma miguu na ulezi umeanikwa juani.

Ulezi huo ndio uliokuwa chanzo cha ugomvi. Jirani yetu, mama muuza vitenge aliyehamia kutoka Mbeya, alifuga kuku wasio na adabu. Wakikanyaga tu mkeka, sauti ya bibi ilifika barabarani. Sisi watoto tulifurahi sana, Mungu atusamehe. Siku mwalimu alipotufundisha kwamba "bad blood" si damu chafu bali uhasama, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nikatoa mfano wa bibi na jirani. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Mwaka huohuo bibi aliugua tumbo, akalazwa mjini Sumbawanga. Ilibidi apasuliwe, na damu ilikuwa imempungua mno; asingeongezewa, tungempoteza. Baba mdogo, kitinda mimba wake, akakunja shati bila kuambiwa mara mbili. Wakampima. Muuguzi akarudi akitikisa kichwa.

"Pole, kaka. Damu yako na ya mama haziendani."

Nilimtazama baba mdogo kwa hofu. Kwetu, watu ambao damu zao haziendani ni wale wasiopendana, hata wakikaa pamoja chai haishuki. Kumbe miaka yote hiyo anamletea bibi samaki wa migebuka na sukari, moyoni hampendi! Nikaangua kilio, nikamsihi akamwombe bibi msamaha upesi, huenda damu zikapatana. Maskini, naye akaanza kulia.

Jirani alikuwa amekuja na chupa ya uji. Akauliza kulikoni, akaelezwa. Akaweka chupa chini, akapandisha mkono wa sweta.

"Nipimeni na mimi. Huyu mama akifa, nitagombana na nani?"

Zikaendana. Mimi nikabaki mdomo wazi: hao wawili, jamani?

Bibi alipona. Aliendelea kuwafukuza kuku, ila sasa akitaka ndizi, chakula cha Mbeya, alidai si yeye, ni damu ya kuazima. "We Mama wa Mbeya! Damu yako imeamka na njaa!" Jirani alileta ndizi za kupika huku akinung'unika kwamba angejua angetoa kidogo. Mtu akisema damu nzito kuliko maji, bibi alimjibu kwamba huyo hajawahi kulazwa. Walikula sahani moja, wakazozana kuhusu chumvi. Nilikuwa nawapenda kupita kiasi.

Siku hizi ua ule umejengwa vyumba vya kupanga. Wapangaji ni vijana wazuri tu. Mambo, poa, kila mtu na mlango wake. Hakuna anayeanika ulezi, wala anayemgombeza mwenzake. Kelele zile ndizo ninazozitamani kuliko vyote.

Bibi tulimzika mwezi wa mavuno. Katekista alipoita ndugu wa damu waanze kuweka udongo, jirani alirudi nyuma, akajipanga na majirani wenzake. Baba mdogo akatoka kwenye mstari wetu, akamfuata, akamshika mkono.

"Tangulia, mama," alimwambia. "Yangu mimi ilikataliwa."