Ushahidi wa Mama Futi

Jina la Mama Futi alipewa na wateja, kwa sababu hakuhitaji futikamba kupima mtu. Ukiingia mlangoni tu, ameshajua kiuno chako na uongo wako kuhusu hicho kiuno. Alishona sare za shule iliyo ng'ambo ya barabara, mimi nikitia vifungo. Mumewe alishafariki, na mtoto wake ni mmoja tu, msichana wa kidato cha pili mwenye mdomo usiofungwa hadi walimu wakamwita Redio. Kila mapumziko alivuka barabara kuja kunywa maji na kutuvunja mbavu.

Mwaka huo shule ilimwita fundi rangi apake paa la ukumbi. Tulimfahamu, maana hata duka letu alilipaka yeye. Akiwa juu huimba, tena vibaya, mtaa mzima ukajua yuko wapi. Akitaka kushuka hunyamaza, kwa kuwa brashi huiuma kwa meno ili mikono iwe huru, kisha anarudi kinyumenyume akitafuta ngazi kwa mguu bila kutazama. Ndivyo alivyoshuka miaka yote.

Siku moja Redio na wenzake wawili wakaiondoa ngazi. Wakajibanza nyuma ya ukuta wakingoja awabembeleze wairudishe. Hakubembeleza. Mdomoni mlikuwa na brashi, hata ukelele haukutoka. Waliosikia kishindo walidhani debe la rangi limeanguka. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali, akaacha mke na mtoto anayenyonya.

Wasichana wakashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Wakili wao, bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa kuliko hoja zake, akaja dukani na Redio, aliyekuwa nje kwa dhamana.

"Mama, kesi nzima iko hapa: kama walijua kuna mtu juu ya paa, tumekwisha. Kama hawakujua, basi walihamisha ngazi tu. Ukiulizwa, sema cherehani zilikuwa zinapiga kelele, hukusikia kitu."

"Na wewe umesemaje?" Mama Futi alimuuliza bintiye.

"Nimesema sikujua, mama. Nilidhani ameenda kula."

Mama Futi akaendelea kukanyaga cherehani. Mama, binti na mimi, sote watatu tulijua si kweli. Mapumziko ya siku ile Redio alikunywa maji yake, akamsikia fundi, akasema, "Huyo anaimba kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Ngoja tukamnyamazishe." Nasi tukacheka.

Kesi ilikuwa ya watoto, hawaingii watu ovyo. Niliingia kama shangazi, ingawa undugu wetu ni wa cherehani. Wakili akamgeukia mjane: mumewe hakuwa mlevi? Hakuwa amejilalia huko juu, kimya, mtoto gani angejua? Yule dada akabaki kumkumbatia mwanawe. Nilitamani nimvue wakili kiatu nimpige nacho.

Akaitwa Mama Futi. Nilimwombea adanganye. Ningekuwa mimi, ningedanganya bila kupepesa macho.

"Siku ile ulisikia chochote kutoka kwenye paa?" mwendesha mashtaka aliuliza.

Alimtazama bintiye. Redio akatikisa kichwa kidogo, kama mtoto anayekataa dawa.

"Aliimba," Mama Futi akasema. "Tangu asubuhi. Hakulewa wala hakulala. Mwanangu alimsikia, akamcheka mbele yangu, akasema wakamnyamazishe. Na mimi nikacheka."

"Mama!" Redio alilia. "Mama, unanifanyia nini?"

Mama Futi akashika meza ya mbele yake. "Hakukusudia, mheshimiwa. Hilo nalo ni kweli. Walitaka aombe ngazi tu."

Hakimu akasema anaamini yote mawili: walijua yuko juu, na hawakutaka afe. Lakini mtu amekufa, na sheria haiwezi kuliita hilo utani. Akawapeleka shule ya maadilisho hadi watimize miaka kumi na minane. Uani, wazazi wa wale wenzake wawili walimrushia Mama Futi maneno ambayo siwezi kuyarudia. Mjane alipita karibu yake, akasimama kidogo, akaenda zake. Sijui tulitarajia aseme nini.

Siku ya kwanza ya kutembelea watoto tulifunga duka, tukaenda. Tulikaa kwenye benchi la mapokezi, Mama Futi kapakata mfuko wa sabuni na nguo za ndani. Mlinzi aliingia kumwita Redio, akarudi peke yake.

"Samahani, mama. Anasema hataki mgeni."

"Mimi si mgeni," Mama Futi akasema. "Mwambie ni mama yake."

"Nimemwambia, mama. Ndiyo maana amekataa."

Mlinzi akaupokea ule mfuko, akaondoka nao. Mama Futi hakuinuka. Alikaa akiutazama mlango wa ndani hadi walipokuja kutuomba tutoke wafunge geti.