Geti Lililopakwa Rangi Ijumaa

Jina lake la kwenye rejista walilijua mwalimu mkuu na karani tu. Sisi wengine tulimwita Mwalimu Linki, naye aliitika bila kinyongo. Ukikaa naye wakati wa mapumziko, chai yako haijapoa, simu imeshalia: amekutumia linki. Tovuti ya kutengenezea chemsha bongo. Tovuti yenye moyo wa binadamu unaodunda, unaweza kuuzungusha kwa kidole. Kamusi inayotamka maneno. Video za majaribio ya sayansi, kwa faida yetu sisi ambao maabara yetu ni meza moja na ndoo. Mimi nafundisha hesabu chumba cha jirani, na kusema kweli nilifungua linki zake chache sana, maana naamini ubao ukifutwa vizuri unatosha. Aliniita Mzee wa Chaki. Nami nilimwambia kwamba siku umeme ukikatika atakuja kuniazima mimi mwenyewe.

Aliishi peke yake. Mumewe alifariki zamani, na mwanawe wa pekee anafanya kazi mbali, hupiga simu Jumapili. Huyo mwanawe ndiye aliyemtumia ile kompyuta aliyoibeba kifuani kila asubuhi kama mtoto mchanga. Nyumba yake ya vyumba vitatu imepakana na uwanja wa shule, karibu kiasi kwamba alipata intaneti ya ofisi ya walimu akiwa jikoni kwake, na mwalimu mkuu alijifanya hajui.

Nasema haya mapema ili mtu asimwone mzembe. Hakuwa mzembe hata kidogo, na hicho ndicho kinachoniuma.

Katikati ya muhula aliletewa mwanafunzi mpya, binti mkimya mwenye macho ya kuhesabu milango. Mama yake alikuwa fundi cherehani, amepanga nyumba nyuma ya kinu cha kusagia nafaka, na mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa. Hakuomba mengi. Aliomba mwanawe asipigwe picha, basi. Mwalimu Linki hakumuuliza sababu. Siku ya picha ya darasa alimtuma binti yule kwangu kufuata chaki, na tangu hapo kila kamera ilipotoka, chaki zilimwishia. Nilikuwa na mtoto mlangoni kwangu kila wiki akiomba kitu ambacho darasa lao lilikuwa nacho tele.

Kisha likaja somo la ramani. Alikuwa amegundua tovuti ambayo darasa zima linaweza kuandika juu ya ramani moja: unabandika pini mahali, unaandika maneno yako chini yake, na wengine wanaona papo hapo. Kila mtoto abandike pini nyumbani kwao na aeleze kwa sentensi chache. Kwa kuwa watoto wengi hutumia simu za wazazi wao, aliifungua ramani kwa yeyote mwenye linki. Na kwa kuwa ni mtu wa tahadhari, aliwakataza kuandika majina yao ya shule. Andikeni jina mnaloitwa nyumbani, aliwaambia, lile la utani, ambalo mtu wa nje halijui.

Nilipita mlangoni siku hiyo nikasimama kuchungulia, nakiri ilipendeza. Ramani ilikuwa ukutani kwa projekta ya kuazima, pini zikichomoza moja baada ya nyingine, Bonge, Kifupi, Mama Mdogo, darasa likivunjika mbavu kwa kicheko. Pini ya binti mkimya ilijiita Chiriku. Mwalimu Linki alicheka mpaka akafuta machozi, kwamba huyu ambaye neno lake hulipati mpaka uliombe, kwao ni Chiriku. Chini yake aliandika: "Nyumba yetu ina geti la bluu. Nasikia kengele ya shule kabla sijavaa viatu. Nataka paka mwingine."

Kosa lilifanyika jioni ile, na lilifanywa kwa furaha. Mwalimu Linki alikuwa katika kundi kubwa la walimu kwenye mtandao, maelfu ya watu wasioonana, wanaopeana zana za kufundishia. Huko ndiko alikookota linki zake zote, na kila mara alijiona mdaiwa. Sasa na yeye alikuwa na kitu cha kutoa. Akaiweka ramani: tazameni walichofanya watoto wangu. Sifa zikamiminika. Mmoja, mwalimu kutoka mbali, picha yake ni ubao ulioandikwa tarehe, alimsifu kuliko wote. Alimwita mwalimu mwenzangu. Alimvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa. Aliuliza darasa lina watoto wangapi, ni wa umri gani, wameanza lini, kama wapo wageni. Mwisho akauliza kama na yeye anaweza kubandika pini ya darasa lake, watoto wafahamiane. Mwalimu Linki alimjibu kwamba mlango uko wazi.

Alinionyesha ile pini. Ilikuwa mbali sana, upande mwingine wa ramani. Wiki iliyofuata ikaonekana nyingine, mji wa kati, na maneno: "Niko safarini kikazi." Nilimwuliza huyo mwalimu anafundisha saa ngapi. Akasema Mzee wa Chaki, wivu huo.

Jumatano waliifungua tena ramani darasani. Chini ya maneno ya Chiriku palikuwa na mstari mpya: "Bosi bado anakungoja, Chiriku. Kila jioni anakaa mlangoni."

Watoto waliusoma kwa sauti na kucheka, nani huyo Bosi. Mimi nilikuwa chumba cha pili, sikusikia kitu. Ninachojua ni alichonisimulia yeye: kwamba binti alisimama, akavaa begi lake mgongoni, akakaa tena na begi likiwa mgongoni. Alipomsogelea na kuinama, mtoto alimwambia taratibu, "Mwalimu, Bosi ni paka wetu wa kule. Mimi sikuandika jina lake."

Wakati wa mapumziko nilimkuta ameketi ofisini, simu mkononi, hana rangi. Alisoma tena mazungumzo yake yote na mwalimu mwenzake, swali kwa swali, jibu kwa jibu. Sijawahi kuona mtu akijisoma namna ile.

Mama yake binti alikuja mchana huohuo, na uzi ukiwa umemng'ang'ania kwenye nguo. Alitueleza kwa ufupi. Mumewe ni mwalimu kweli, tena anayesifiwa, mtu mpole mbele za watu. Ndiyo maana kila alipokimbilia aliambiwa arudi nyumbani. Mkono ule ni kazi yake. Mara ya mwisho alimwambia kwamba akiondoka tena na mtoto, hatarudishwa nyumbani akitembea. Jina la shule la binti walilibadilisha. La utani hawakulibadilisha, kwa sababu lilikuwa ndilo kitu pekee mtoto alichobaki nacho. Mwalimu Linki alisema anaifuta ramani pale pale, akanyoosha mkono.

Mama akamshika. "Usifute," alisema. "Ukifuta atajua tumemwona. Akijua, anakuja leo. Mimi nahitaji mpaka Jumamosi."

Jumamosi alasiri ndipo binamu yake, dereva wa lori la mbao, hupita mjini, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Tulikwenda naye polisi. Askari alisikiliza, akauliza kama yule bwana amefanya kosa lolote huku, akasema kuandika habari za paka si kosa, turudi likitokea jambo. Sikuamini masikio yangu. Tukatoka.

Alhamisi ikafika pini ya tatu, mji wa jirani. Na ujumbe: "Kesho kutwa nitakuwa kwenu, mwalimu mwenzangu. Ningependa kuwaona watoto waliofanya kazi hii nzuri."

Mwalimu Linki alimjibu karibu sana. Akaongeza, kama walimu wanavyonong'onezana, kwamba watoto hawajui kusoma ramani, nusu yao wamebandika pini kwa majirani, kwa hiyo amezisahihisha. Hilo mwalimu yeyote analiamini. Kweli alikuwa amezisogeza pini kadhaa, moja hatua chache huku, nyingine kule. Ya Chiriku aliitoa nyuma ya kinu akaiweka juu ya nyumba yake yeye.

Nilielewa Ijumaa jioni, nilipopita kwake nikamkuta na kopo la rangi na brashi, amevaa gauni la zamani, anapaka geti lake. Lilikuwa la kijivu tangu nimjue. Niliuliza anafanya nini nami tayari nimeona jibu, na woga ukanipanda. Nikamwambia ana wazimu. Akasema Chiriku ameandika geti la bluu na kengele ya shule, kengele anayo, geti ndilo lililobaki. Nikachukua brashi ya pili. Manyunyu yalianza kabla hatujamaliza upande wa chini.

Ndani alikuwa ameandaa chumba cha nyuma. Godoro, shuka mbili, soksi za shule za mtoto zimeanikwa dirishani, kitana, vipande vya kitambaa na mkebe wa pini za fundi. Kila kitu mahali pake, kama anavyopanga meza ya majaribio kabla ya kipindi. Akija tutamwambia walipanga hapa, wameondoka siku chache zilizopita, hawakuaga. Njia yake iishie kwangu, alisema.

Tulimtegemea Jumamosi jioni. Alifika mchana, lori la mbao halijafika, mama na mtoto wako nyuma ya kinu na mabegi yao, mwendo mfupi tu kutoka pale tulipo. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Shati limepigwa pasi, bahasha ya khaki kwapani, na vumbi jeupe la chaki kwenye mikunjo ya vidole, kama vyangu. Alisukuma geti, akasimama. Alikitazama kiganja chake.

"Rangi bado mbichi, mwalimu," alisema.

"Mvua iliibandua ya zamani," Mwalimu Linki alijibu. "Pole, umechafuka. Karibu ndani."

"Bluu ileile?"

"Ileile."

Alitoa leso akafuta kidole kimoja kimoja, bila haraka, akitazama chini penye upande tuliouacha nusu, kijivu kikichungulia. Kisha akaingia, na Mwalimu Linki akalifunga geti nyuma yake. Mimi nilitambulishwa kuwa kaka. Nilileta chai.

Alisikiliza habari za wapangaji walioondoka bila kuaga. Akaomba kukiona chumba. Alikaa humo muda mrefu, nasi tumesimama mlangoni. Aligusa shuka. Aliokota soksi, akaipindua akitazama kisigino, akaikunja vizuri na kuirudisha dirishani. Nilikuwa nasikiliza barabara kuu kwa masikio yote, nikiomba honi ya lori.

"Wewe ni mwalimu mzuri," alimwambia hatimaye. "Umeandaa vizuri sana."

Alirudi sebuleni akanywa chai yake yote, akaomba kikombe cha pili, na Mwalimu Linki, macho makavu, akafungua kompyuta na kumwonyesha zana. Chemsha bongo. Moyo unaodunda. Kamusi. Alimfundisha mtu yule tovuti moja baada ya nyingine kama yuko mbele ya wakaguzi, naye akauliza maswali ya kitaaluma, kwa adabu, mpaka honi ikalia mbali barabarani, mara mbili, ikapotea. Hapo nikajua wamepanda, nikaanza kukusanya vikombe.

Kabla hajasimama alitoa simu yake. Alibonyeza kidogo, akaigeuza tuione. Pini yake ilikuwa imetoka mji wa jirani na sasa imekaa juu ya nyumba tuliyokuwamo. "Nitakuwa napita," alisema, akatuaga vizuri.

Hatujui walikokwenda. Tuliwaomba wasituambie, na hawajatuambia. Mwalimu Linki alijitoa katika lile kundi, na siku hizi simu yangu hailii wakati wa mapumziko. Nilikuwa nikilalamika, sasa natamani anitumie hata upuuzi. Nimemwambia ahame, mwanawe amembembeleza ahamie kwake, amekataa. Mimi hupita kila jioni kukagua kufuli, nami sijui nitafanya nini nikilikuta limevunjwa.

Ramani hajaifuta. Kila asubuhi, kabla ya kengele, kabla ya salamu, anaifungua mezani pake ofisini na kuinamia kioo. Yule bwana akipata dalili nyingine, pini yake itahama. Hiyo ndiyo habari pekee ya Chiriku tunayopata. Mimi husimama nyuma yake na chaki zangu, nikisubiri.

"Bado iko kwangu," ananiambia, na uso wake unang'aa kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameamka salama.