Ukali wa Shemeji Una Namba

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, ni seremala, na mtaa mzima unamwita Msasa. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi. Mteja akiuliza kabati lake litakuwa tayari lini, humjibu, "Likiisha." Mimi nashona nguo kwenye kibaraza cha karakana yake, na wateja anaowafukuza wengine hutua kwangu. Sina la kulalamika.

Aliyelalamika ni binti yake, mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa amepata mchumba, na mama wa kijana alitaka kuja Jumamosi kutuona kabla ya kutoa neno lake. Mama huyo, tuliambiwa, akisema hapana hageuki.

"Baba, nakuomba siku hiyo usiwe 'rude'," binti akasema.

"Mimi? Mimi nasema kweli tu."

"Hiyo ni 'blunt', kumpa mtu ukweli bila kuuzungusha. 'Curt' ni kujibu kwa mkato, kama unavyowajibu wateja. 'Gruff' ni yule ambaye sauti inakwaruza lakini moyoni hana neno. 'Rude' ndiye anayemvunjia mtu heshima."

Msasa akaweka randa chini, uso umemchangamka. "Kumbe ukali una namba, kama msasa!"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Seremala haanzi na msasa laini. Huanza na ule unaokwangua, kisha hupanda namba kwa namba, kila mmoja laini kuliko uliotangulia, mpaka mbao iteleze. Shemeji akaamua watu nao wapigwe msasa vivyo hivyo: kwanza mteja avunjiwe heshima, kisha apewe ukweli, kisha majibu ya mkato, na upole uje mwishoni. Tatizo ni kwamba hakuna aliyesubiri huo mwisho. Mmoja alifika kwenye ukweli, kwamba meza aliyoleta inafaa kuni, akajitwika meza yake na kwenda zake. Wiki hiyo nilishona sana.

"Mama mdogo, tumfungie stoo," binti akaniambia, na hakuwa anatania.

Nikamfuata shemeji. "Jumamosi anza na laini, na ubaki na laini. Ukiharibu, mtoto ataolewa na hilo benchi lako."

Jumamosi mgeni akaingia karakana, mwanamke mfupi, mkoba kwapani, macho ya mkaguzi. Msasa akainama mpaka nikauhofia mgongo wake. "Karibu sana mama, za nyumbani, umependeza, viatu vyako vizuri mno, hukuchoka njiani?"

Mama akamtazama. "Umekunywa?"

"Hapana, mama."

"Mwanangu aliniambia mzee ni mkali lakini hadanganyi. Nimekuja kumwona huyo. Hebu niambie, mwanangu anafaa?"

Nikasimamisha cherehani. Binti alikuwa mlangoni na trei ya chai, amemkodolea baba yake macho.

Msasa akanyoosha mgongo. "Mvivu," akasema. "Nilimpa kiti akipige vanishi, akapaka upande unaoonekana tu."

Mimi nikafumba macho. Ndoa imekwenda na maji, nikajisemea.

"Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo," mama akasema, akavuta kigoda akakaa. "Na wako?"

"Mkaidi. Hanisikilizi, na hunisahihisha mbele za watu. Tangu mama yake afariki, ndiye pekee anayegombana na mimi humu ndani. Mkimchukua, sijui nitaongea na nani."

Vikombe vikaanza kugongana kwenye trei. Mama akainuka, akampokea binti ile trei kabla chai haijamwagika.

"Watatafuta nyumba mtaa huu huu," akamwambia Msasa. "Mimi nimeshasema."

Binti akajifuta machozi kwa mkono wa gauni. Baba yake akageuka haraka, akaokota randa, akaanza kuisukuma kwa nguvu.

"Unalia nini wewe?" akamfokea, na benchini hapakuwa na mbao.