Kanawe Kwanza

Jirani yangu anauza tona, maji ya kupaka usoni, katika soko la Namdaemun, lakini hakuuzii kabla hujanawa. "Kanawe kwanza, mwanangu," husema, mkono mmoja ukikuonyesha beseni, mwingine ukikumiminia chai ya shayiri. Kisha unakaa kigodani na uso mtupu, hupaki kitu mpaka chai iishe. Ndipo anakugusa kwa mgongo wa kidole. Paji likiteleza, una ngozi ya mafuta. Shavu likikaza, ni kavu. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona bila poda.

Jana alikuja Mi-ryeong, binti atakayekutana na wakwe zake Jumapili hii.

"Shangazi, nang'aa kama sufuria! Nipe ile kali yenye spiriti."

"Kanawe."

"Mbele ya soko zima? Na madoa yangu haya?"

Jirani yangu alichukua pamba akajifuta uso wake, shavu moja, kisha la pili. Kumbe ana doa jeusi, kutoka taya hadi sikioni. Miaka yote nauza soksi mlango wa pili, sikulijua.

"Haya, tuko wawili. Nawa."

Binti akanawa. Wakanywa chai bila haraka, kisha kidole kikamgusa shavu.

"Limekaza hili! Ngozi yako ina kiu, ndiyo maana inajitengenezea mafuta. Hiyo kali ingekubabua." Akampa laini, isiyo na spiriti.

Mara akaingia mteja mwingine, macho yakaganda kwenye lile doa. Jirani yangu hakuigusa poda.

"Kanawe kwanza, mwanangu."