Gitare, Ng'ombe wa Fedha

Fidèle alikuwa na zizi ndani ya kabati la nguo, gorofa ya nne, Fittja, Swideni. Msicheke kwanza. Mtu aliyezaliwa milimani Minembwe, akakua akiwaita ng'ombe kwa majina yao, halafu akajikuta anasukuma makreti kwenye ghala la vyakula baridi kule Jordbro, lazima afuge kitu. Wenzake kazini walifuga paka. Yeye alifuga sarafu, tena za kale, tena za Waholanzi.

Ilianza kwa bahati tu. Alimnunulia mkewe, Hortense, kopo la vifungo kwenye duka la mitumba, na ndani yake ikatoka sarafu ndogo ya shaba yenye herufi tatu zilizokumbatiana, V kubwa katikati, O na C zimening'inia huku na huku. Akauliza, akasoma, akaambiwa hiyo ni alama ya kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikifanya biashara Asia, kampuni yenye nguvu hadi ikawa na pesa zenye chapa yake. Ile ya shaba iliitwa duit. Fidèle akaitazama ile rangi nyekundu iliyoiva, akaona ngozi ya ng'ombe anayemjua, akaiita Bihogo. Baada ya hapo hakukamatika. Alizitafuta duit kila penye meza ya vitu vya kale, na kila aliyeingia zizini alipewa jina. Binti yake Asifiwe alimwambia kwa Kiswidi kwamba baba amerukwa na akili. Hakubisha.

Malkia wa zizi alikuwa Gitare, yaani mweupe. Huyu alikuwa wa fedha, mkubwa, mwenye mpanda farasi aliyeinua upanga, na nyuma simba wawili wameshika ngao, alama ya kampuni chini yao, na mwaka 1728. Fidèle alipenda kuwasimulia wageni kwamba sarafu za namna hii zilithaminiwa zaidi huko Batavia, makao ya kampuni Asia, kuliko kwao Uholanzi, kwa hiyo mabaharia wakawa wanazificha nguoni na kufanya biashara yao ya pembeni, mpaka kampuni ikaamua kupiga zake zenye alama. Alisimulia hivyo akicheka, kwa sababu aliona ni balaa kufanya kazi na watu usiowaamini. Yeye mwenyewe aliamini watu upesi, na hilo lilikuwa tatizo lake.

Mtu aliyemwamini kuliko wote ni Conrad, Mganda wa Mbarara aliyekuja Swideni enzi za ukimbizi, mzao wa wafugaji kama yeye, mcheshi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Mwaka ambao Fidèle alipasuliwa mgongo, Conrad alikuwa akitoka Upplands Väsby kila Jumapili, anavuka jiji zima kwa treni, anamletea uji na umbea. Fidèle alikuwa hawezi kuinama. Conrad alipiga magoti, akamwosha miguu, huku akimtania kwamba kucha zake zinafaa kulimia. Mambo kama hayo mtu hasahau.

Alipopona, Fidèle akawaita watu sebuleni, Hortense akagawa maziwa, na mbele yao akampa Conrad ng'ombe. Alimpa Gitare. Conrad alisimama, akapokea kwa mikono miwili, akamsifu yule ng'ombe kwa Kinyankole, pembe na nundu na kila kitu, mpaka watu wazima wakafuta machozi. Hakuna aliyesema neno sarafu. Hakuna karatasi iliyoandikwa, maana ng'ombe wa urafiki haandikiwi.

Ila ana sheria zake, na Conrad alizijua tangu utotoni. Aliyepewa hamuuzi kimyakimya. Akiugua, anapeleka habari. Akifa, anapeleka habari. Naye aliyetoa haombi kuonyeshwa, kwa sababu kuomba hivyo ni kama kusema anataka kumchukua. Anauliza hali tu, na anaamini jibu. Kwa hiyo kila walipokutana Fidèle aliuliza hali ya Gitare, na Conrad alijibu kwamba ni mzima, ananenepa, ila hajazaa kwa sababu madume ya Ulaya ni mavivu. Walicheka kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Jumamosi moja Fidèle alikwenda kwenye maonyesho ya sarafu mjini, akamkuta Gitare amelazwa juu ya kitambaa cheusi, na bei shingoni. Alimjua palepale. Alikuwa na kovu ukingoni, juu kidogo ya ncha ya upanga. Mwenye meza, Mswidi mpole, alimwambia kwamba alimnunua majira ya kuchipua ya mwaka uliopita kwa mzee mmoja mchangamfu kutoka Väsby, aliyesema ni urithi wa babu yake. Kabla ya hasira Fidèle alisikia aibu, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa anaiba.

Kuuza angemsamehe. Shida zinampata kila mtu, na angeambiwa angeitika. Lakini mwaka mzima na zaidi Conrad alikuwa akimletea salamu za ng'ombe asiyekuwepo. Krismasi alikuwa mzima. Pasaka alikuwa mzima. Jumapili iliyopita alikuwa amenenepa.

Fidèle akarudi Fittja, akafungua kabati, akabeba zizi lote. Hortense alimwuliza anakwenda wapi nalo, yeye tayari yuko ngazini. Kule maonyeshoni yule Mswidi alizikagua duit moja moja kwa lenzi yake, akakubali kubadilishana. Bihogo naye akaenda. Fidèle hakutaka hata kumtazama mara ya mwisho, akachukua Gitare, akapanda treni ya Väsby.

Conrad alimpokea kwa kumkumbatia. Mkewe, Milly, akaleta maziwa, akarudi jikoni. Wakaongea habari za baridi na za magoti, kisha Fidèle akauliza hali ya Gitare, mkono wake ukiwa mfukoni, juu ya Gitare. Conrad akasema hajambo. Ndipo Fidèle akafanya jambo ambalo mtu mwenye adabu hafanyi: akaomba kumwona. Conrad akacheka kidogo, akasema amemweka benki kwa sababu ya wezi. Akaona hajaaminiwa. Akaapa kiapo alichofundishwa na Fidèle mwenyewe, kiapo cha Wanyamulenge, watu wa kwao Minembwe, ambacho ndani yake mtu hulitaja jina la aliyempa ng'ombe na halitaji kwa uongo.

"Fidèle alinipa ng'ombe," alisema, akimtazama usoni. "Iko salama."

Fidèle akamtoa Gitare, akamweka mezani kando ya kikombe.

"Ndugu, ile ni pesa tu," Conrad alisema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Pesa ya zamani. Mimi nilifikiri unajua tulikuwa tunacheza."

"Miye sikukuwa nacheza," Fidèle akasema.

Conrad akaendelea kuongea. Akataja gari lililoharibika, akataja mjukuu, akaahidi kulipa. Fidèle hakuwa akisikia. Alikuwa anatazama mikono ya rafiki yake juu ya meza, akijiuliza kama na siku zile ilipokuwa ikimwosha miguu ilikuwa inacheza. Hilo lilimuuma kuliko mauzo, kuliko uongo, kuliko kiapo. Akamchukua Gitare, akaondoka, na maziwa ya Milly akayaacha hayajaguswa, jambo ambalo kwa watu wa ng'ombe halihitaji maelezo: urafiki umekwisha.

Ndani ya treni akamtoa, akamweka kiganjani kama alivyozoea. Aliona mpanda farasi. Aliona simba wawili na herufi za kampuni. Akamgeuza na kumgeuza, akamwita polepole kwa jina lake, abiria wa mbele yake akainua macho. Lilikuwa pande la fedha, baridi, la Kiholanzi.

Nyumbani Hortense alikuwa amekaa akimngoja, milango ya kabati iko wazi.

"Papa Asifiwe," alisema, "ngombe zote umepeleka wapi?"

"Gitare amekufa," Fidèle akajibu.

Hortense alimvua koti, akamketisha, akampa pole kama anavyopewa mtu aliyefiwa, kisha akampigia simu Asifiwe kumwambia aje, baba yake ana msiba.