Kikao cha UTI

Siku nne baada ya kuongoza kikao cha kumhukumu mkamwana wake kwa kuwa na UTI, baba yangu naye alipimwa akakutwa na UTI.

Nianze mwanzo. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikwenda kliniki hapa Kasulu, akaambiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa. Kosa lake ni kumwambia mumewe ukweli. Kaka alimpigia shangazi simu, na jioni tukawa na kikao sebuleni.

"Ugonjwa wa huko chini haudondoki na mvua," shangazi alisema. "Kuna mtu kauleta."

Kaka huuza vipuri vya pikipiki Kibondo na hulala huko siku tano kwa wiki. Hakuna aliyemuuliza swali. Wifi, anayelala nyumbani siku zote saba, aliulizwa maswali mpaka chai ikapoa.

Nilisema neno moja kuhusu kigoda. Baba hukaa kwenye kigoda chake kando ya njia inayopita migombani kwenda chooni, tangu uji wa asubuhi mpaka kuku warudi bandani. Mkamwana mwenye adabu hapiti mbele ya baba mkwe akiwa na kopo la maji ya chooni. Kwa hiyo wifi alibana mkojo. Ili abane vizuri zaidi, aliacha kunywa maji. Jumapili moja nilimfuatilia: tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, alikwenda mara moja, baba aliposinzia.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimemwambukiza?" baba aliuliza.

"Wewe mwalimu, kafundishe shuleni," shangazi akaniambia. "Hapa tunazungumza mambo ya watu wazima."

Nina miaka arobaini na moja.

Kikao kiliamua wifi akapumzike kwao Muyama "mpaka mambo yaeleweke". Kesho yake asubuhi aliondoka na begi moja.

Siku ya tatu baba alianza kutetemeka kwa homa. Kumbe kwa wiki kadhaa mkojo ulikuwa unamtoka kwa matone, akanyamaza. Kesho yake nilimpeleka zahanati. Muuguzi, binti wa rika la wifi, alisoma cheti kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa.

"Mzee, una UTI."

"Soma tena jina, mwanangu."

"Jina lako, babu. Na mkojo wako."

Akamweleza taratibu. Wanawake ndio wanaoupata zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi, na mimba huongeza hatari. Mwanamume akizeeka, tezi dume huvimba, mkojo hubaki kibofuni na vijidudu huzaliana. Kisukari nacho huchangia. Kubana mkojo na kutokunywa maji havisaidii. "Si lazima mtu akuletee, babu."

Tulipofika sokoni, baba alinivuta kando.

"Shangazi yenu asijue."

"Na wifi je?"

"Ya kwake huenda ni ya aina nyingine."

Nyumbani alitangaza kwamba ana homa ya mgongo. Shangazi alimletea supu ya kuku, akampa pole, akawalaumu vijana wa siku hizi wanaowapa wazee mawazo. Baba alimeza vidonge vyake akiwa ameugeukia ukuta.

Kaka anasema atamfuata mkewe wazee wakimtuma. Mzee wa kumtuma ni baba. Nimemwambia baba mara tatu. Mara zote mgongo ulimzidi.

Wifi alitakiwa kurudi kupimwa mkojo upya Jumatatu iliyopita, maana maambukizi yasipoisha yanaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Kadi yake ya kliniki ameisahau kwetu. Simu yake haipatikani. Kama alipimwa huko Muyama, hakuna anayejua katika nyumba hii.